Maringo si utapeli: tuzungumze kuhusu madaha, jicho la pembeni na maneno ya kuzunguka

Binti Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila uzi wa mapenzi humu ndani ukifika ukurasa wa pili lazima atokee mtu aseme kwamba mwanamke anayeringa ni tapeli wa hisia, na mwanamume anayezunguka na maneno ni mwoga au muhuni. "Unapenda sema, hupendi sema, watu tuendelee na kazi." Mmeandika hivyo tena jana na mkapeana likes za kutosha. Naomba kupinga, na nitaandika kirefu. Mwenye haraka apite tu.

Mimi mzaliwa wa Tanga, nauza kanga Kariakoo. Biashara hii inakukalisha karibu sana na watu wanaopendana, kwa hiyo mengi ya humu nayaona kwa macho yangu kila siku.

Hoja yangu ni kwamba maringo, madaha, kurembua macho, kudeka, kutupiana maneno, vyote hivyo ni namna ya kusema ndiyo na hapana kwa pamoja. Ndiyo yenyewe bado haijakamilika, hapana yenyewe bado haijafunga mlango, na wote wawili wanalijua hilo. Utapeli unataka mmoja awe gizani. Kwenye maringo ya kweli hakuna aliye gizani. Kuna watu wawili wanaotafutana taratibu, kila mmoja amejiachia nafasi ya kurudi nyuma bila aibu.

Mwangalieni binti aliyevutiwa na mtu lakini hajaamua. Kijana anamsalimia. Binti anatabasamu, nyusi zinapanda na kushuka haraka, halafu anageuza uso pembeni, anainamisha macho, pengine anajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, anamcheka shoga yake bila sababu, kisha jicho linarudi kuangalia kama yule kijana bado yupo. Sekunde chache tu. Muulize amefanya nini, atakwambia hajafanya kitu, na kweli hakuna cha kumshika nacho.

Mtafiti mmoja mzaliwa wa Austria, Irenäus Eibl-Eibesfeldt, aliwahi kuzunguka dunia na kamera ya ujanja. Lenzi inaonekana imeelekea mbele, kumbe ndani yake kuna kioo kinachonasa watu walioko ubavuni, ili anayepigwa picha asijue na asijitengeneze. Alipiga Samoa, Papua, Ufaransa, Japani, kwa Waturkana wa Kenya na kwa wenyeji wa mto Orinoko huko Amerika ya Kusini. Mabinti hawa hawajawahi kukutana, lugha zao hazina undugu, mila zao ziko mbalimbali kabisa. Lakini wakitaniwa au kusifiwa, mwendo ni uleule: anatazama, anakwepa, anatazama tena. Kwa hiyo wale mnaosema haya mambo tumeletewa na tamthilia za Kifilipino na za Kituruki, hapana. Yamo ndani ya binadamu. Tamthilia zimeyakuta.

Kuna Mjerumani pia, Georg Simmel, mwanasosholojia wa Berlin, aliyeandika insha nzima juu ya jambo hili mwaka 1909. Alilikazia jicho la pembeni, kichwa kimegeuka nusu. Akasema kumkazia mtu macho usoni, hata kwa mapenzi makubwa kiasi gani, hakuna madaha. Madaha yako kwenye lile jicho la mara moja, kwa sababu kugeuka kwake tayari kumo ndani ya kutazama kwake. Nilipolisoma hilo nilitulia kidogo. Mzee wa Berlin wa karne iliyopita kaliona jambo ambalo bibi zetu walikuwa wanalifundisha ukumbini.

Sasa njooni dukani kwangu. Kijana anaingia, kavaa vizuri, anauliza kanga. Namuuliza za nani, mama au mke? Anasema "za mtu tu." Hapo nimeshaelewa. Namtandikia doti moja baada ya nyingine, na nawaambieni, mwanamume wa namna hii haangalii rangi, haangalii mji wala pindo. Anasoma jina. Zilizoandikwa mapenzi ya waziwazi anazisogeza pembeni, anaona zinamvua nguo. Anasoma, anarudia, anahama, anarudi, hadi anafika kwenye JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Anaipitisha kidole. "Hii nifungie."

Kwa nini hiyo? Kwa sababu imemsemea yote na haijamfunga. Yule dada akimuuliza, "Hii maana yake nini?", anaweza kujibu, "Nimeipenda rangi." Yule dada naye ana uwanja wake. Akiivaa siku anayojua jamaa atapita, amejibu. Akimpa mama yake ajifunge, amejibu. Akikaa nayo kabatini mwezi mzima akiwaza, hilo nalo ni jibu, na yule kijana atalisubiri. Hakuna aliyeaibika, hakuna aliyekwenda kwa wazazi kushtaki, majirani hawana la kusema. Angemfuata na kumwambia "nakutaka, ndiyo au hapana?" pengine angepata hapana kwa sababu tu swali limekuja kabla jibu halijaiva.

Hilo ndilo ninalolitetea. Tupeni mawazo yenu, na tafadhali bila matusi.

Mgosi wa Kweli

Dada, salamu kutoka Lushoto. Umeandika vizuri na mimi ni jirani yako kimkoa, lakini huku mtaani mambo si kanga.

Mwanamke anakuchekea, anakuita majina mazuri, anakupa hiyo ndiyo-hapana yako miezi sita. Katikati hapo bando unanunua wewe, kodi ya mwezi mmoja umesaidia, nauli umetuma na hakufika. Siku unauliza tunaelekea wapi, unaambiwa "mimi nilikuona kama kaka." Wewe unaita maringo, sisi huku tunaita kuchuna buzi. Mwanamume ndiye anayeanza, ndiye anayegharamika, ndiye anayeaibika. Mwanamke anakaa tu anapokea. Halafu mnatuambia tusubiri jibu liive.

Sisemi kwa chuki. Nasema kwa sababu nimeona vijana wenzangu wameumia kweli.

Binti Chumbageni (mleta uzi)

Mgosi, pole kwa wenzako, na nakubaliana nawe kwamba hilo lipo. Ila hilo unalolieleza mimi silitii kwenye kapu moja na maringo. Maringo hayana risiti. Mtu akishaanza kupokea pesa huku akijua moyo wake umeshakataa, amekwisha kuamua, ni wewe tu hujaambiwa. Pale nilipoandika kwamba wote wawili wanajua, hapo hawajui wote wawili. Mmoja anajua, mwingine anatuma nauli. Muite tapeli, mimi sitakuzuia.

Lakini nanyi mnanishangaza jambo moja. Kwa nini mwanamume aone akituma pesa ndipo anachumbia? Kanga si bei ya kumfunga mtu. Shairi halina bei kabisa. Jicho ni bure. Sehemu kubwa ya uchungu mnaouandika humu umekuja baada ya madaha kugeuzwa malipo ya awamu, kila mmoja anahesabu ametoa kiasi gani.

Na hili la mwanamume ndiye anayeanza, hapana, Mgosi. Mwanasaikolojia wa Marekani, Monica Moore, mwaka 1985 alichapisha utafiti wa wanawake waliokuwa wakiangaliwa kwenye sehemu za watu kukutana. Aliorodhesha ishara 52: tabasamu, jicho la haraka, kurusha nywele, kujiweka sawa nguo, kutikisa kichwa na muziki, kuinamia upande wa mtu. Akaona wanaotoa ishara nyingi ndio wanaofuatwa zaidi na wanaume. Yaani yule jamaa anayesimulia kwamba alijitosa akamfuata mrembo, mara nyingi alikuwa ameshaitwa, ila hakusikia mwito, alisikia tu miguu yake ikienda. Mwanamke ameshafanya kazi nusu saa kabla mwanamume hajafungua mdomo. Naye anaweza kuaibika vilevile. Amejiweka sawa, ametazama, ametabasamu, na jamaa kapita anaangalia simu. Aibu hiyo hakuna anayeiandikia uzi.

Mzee wa Kisauni

Assalaam aleykum ndugu zangu wa bara na pwani. Mimi niko Mombasa, na umri umenipa ruhusa ya kusema kidogo.

Huyu binti yetu asemalo ni kweli, na niliongeze upande wa harufu, maana vijana wa leo mwadhani mapenzi ni picha tu. Zamani zetu Mji wa Kale, mwanamke alipita na buibui, humuoni ila macho, na nyayo zenye hina na piko. Hajakwambia neno, na lau angekwambia ingekuwa fedheha kwa watu wao. Lakini ndani kajipachika kikuba: asumini, rehani, na msimu wake ukifika, vilua. Nguo zake zimelala juu ya tege usiku kucha zikifukizwa udi. Apita upande wa pili wa mtaa, wewe umekaa barazani na wenzio wazungumza habari za mpira. Akishapita hatua tatu nne ndipo harufu yafika. Mtu huinua kichwa. Sasa nani atamshtaki? Harufu haina mwenyewe. Yaweza kuwa yako, yaweza kuwa ya yule mwingine, yaweza kuwa hakuivalia mtu bali apenda mwenyewe kunukia, na hiyo ni haki yake. Lakini yule aliyekusudiwa, wallahi, hujijua.

La pili ni taarab. Kasri la Masultani pale Unguja taarab iliimbwa Kiarabu, na watu wa kawaida hawakuwa na la kuchukua mle. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alipoimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda hadi Bombay kurekodiwa santuri, maneno yakawa ya kila mtu. Hapo ndipo kutunza kukawa na utamu wake. Mwimbaji afika kwenye ubeti fulani. Mwanamke ainuka kitini, noti ameishika juu, haendi moja kwa moja. Apita taratibu, azunguka, mabega yacheza na ngoma, apita mbele ya kiti fulani bila kukitazama, kisha ndipo ampa mwimbaji. Ukumbi mzima waelewa ubeti ule kaununua yeye, na wengi waelewa kamnunulia nani. Kesho ukimuuliza, atakwambia, "Mimi nilimtunza mwimbaji, ana sauti nzuri."

Huko wengine walitupiana vijembe vya ugomvi vilevile, mke mwenza kwa mke mwenza, na ndoa zikavunjika. Hilo sitalisema zaidi. Lakini kuna watu nawajua wana wajukuu sasa, na chanzo chao ni ubeti mmoja uliotunzwa.

Niwaulize nyie vijana: simu zenu hizi, huo ubeti mwautunza wapi?

Lulu wa Segerea

Mzee shikamoo. Tunautunza kwenye status.

Si utani. Naweka wimbo, kipande cha sekunde thelathini, pale pale kwenye mstari ninaotaka. Watu mia mbili wataona. Nimeuweka kwa ajili ya mmoja. Halafu kazi yangu ni kufungua orodha ya walioangalia na kutafuta jina lake. Akiangalia dakika mbili baada ya kuweka, moyo unapiga. Naye kesho yake anaweka wake, mstari unaojibu. Tumeenda hivyo mwezi mzima na hakuna aliyemwandikia mwenzake zaidi ya "mambo" na "poa". Mama yangu ameona status zote na anadhani napenda muziki tu.

Kwa hiyo dada Chumbageni, hiyo kanga yako JAPO SIPATI ipo mpaka leo, ila haijifungwi kiunoni.

Mzee wa Kisauni

Marahaba mwanangu. Basi nimefarijika. Ila harufu haipiti humo, na hiyo ni hasara kubwa.

Mama Sabra

Nimesoma wote kwa makini na nina jambo zito kidogo. Msiniwekee moyo mbaya.

Mimi nafanya kazi ya mapokezi, sehemu sitaitaja. Kazi yangu ni kutabasamu. Mtu akiingia namwangalia machoni, namkaribisha, namuuliza hali. Kila wiki kuna mwanamume anachukua hilo tabasamu na kujiandikia hadithi nzima. Anaomba namba. Nikisema sitoi namba, anacheka, "Wanawake bwana, lazima mringe kidogo." Nikisema nimeolewa, "Hata mimi nimeoa." Nikinyamaza, "Kimya maana yake ndiyo." Hakuna neno nililobakiza la kumkatalia, kwa sababu kila neno langu ameshaliita maringo. Mmoja alinisubiri nje hadi saa mbili usiku. Nilirudi ndani nikaomba mlinzi anisindikize kituoni.

Sasa ninyi mnaposifia hapana ambayo si hapana, mnamwongezea huyo bwana nguvu. Atausoma uzi huu na kusema, mnaona, hata wenyewe wamekiri. Nauliza kwa dhati kabisa: mimi nitumie lugha gani?

Mgosi wa Kweli

Mama Sabra pole sana. Hapo hata mimi nimekaa kimya. Kuna siku nimesema hilo neno, "lazima uringe kidogo," kwa mtu, na nilidhani nampamba.

Binti Chumbageni (mleta uzi)

Mama Sabra, ahsante kwa kuliweka wazi. Nimelala nalo, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Na naona hapa ndipo penye kiini cha uzi wote, kuliko hata kanga.

Kwanza, unayoyapitia yamepimwa. Mwaka 1982 Antonia Abbey, mtafiti wa Marekani, aliwakalisha mwanamume na mwanamke wasiojuana wakazungumza dakika tano tu, na wengine wawili, mwanamume na mwanamke, wakiwaangalia kwa siri. Halafu kila mmoja akaulizwa alichokiona. Mazungumzo ni yaleyale, lakini wanaume, yule aliyekaa naye na yule aliyejificha, walimwona yule mwanamke ana mvuto wa kutongoza zaidi kuliko wanawake walivyomwona. Urafiki wa kawaida ulisomwa kama mwaliko. Hata mimi dukani inanitokea. Mtu namtandikia kanga kumi kwa sababu nataka anunue, yeye anadhani nataka akae.

Sasa lugha gani utumie. Mama, lugha yako iko sawa tangu mwanzo. Tatizo ni la anayesoma, na nitamsemesha yeye moja kwa moja.

Kaka yangu unayesema hapana ya mwanamke ni ndiyo. Hujawahi kuringiwa na mtu, ndiyo maana huijui tofauti. Hapana ya maringo haiji peke yake hata siku moja. Ikitoka mdomoni, kuna kitu kingine cha mwili kinachobaki kwako. Anasema "niache bwana" na hajasogea. Anasema "sitaki" na mkono wako kaushika yeye. Anasema "leo siwezi" na hapohapo anataja kesho. Anasema "nenda zako" halafu anakuuliza utarudi saa ngapi. Neno linakufukuza na mtu mwenyewe anakuvuta, yeye kwa hiari yake, bila wewe kusukuma kitu. Mkono ukiachia, neno limebaki peke yake, na neno likibaki peke yake ni hapana ileile unayoijua ukiambiwa na afisa wa benki.

Sasa mwangalie Mama Sabra. Hakutoa namba. Hakutaja siku nyingine. Hakuuliza jina lako. Alirudi ndani akaita mlinzi. Ndiyo iko wapi hapo? Usinitajie tabasamu, tabasamu ni la kazini na yule bibi wa miaka themanini aliyeingia kabla yako alilipata vilevile.

Na ukiwa bado una wasiwasi, yaani umeangalia na hujui ni lipi, basi rudi nyuma hatua moja. Mchezo huu una sheria hiyo kwa kila anayeucheza vizuri. Ukirudi nyuma na yeye anataka, atakusogelea. Jicho litarudi. Ataweka status. Atapita mbele ya baraza yako. Ukirudi nyuma na kukawa kimya, umepata jibu lako bila yeye kulazimika kulisema, na heshima zenu zote ziko salama. Asiyeweza kurudi nyuma hakuwa kwenye mchezo. Alikuwa anawinda.

Kwa hiyo Mama Sabra, mimi naona ni kinyume. Watu wakiyajua maringo vizuri ndipo huyo bwana wako anakosa pa kujificha. Akisema "anaringa tu," mtu yeyote mwenye macho amuulize: ulisogelewa lini?

Mama Sabra

Nimekuelewa, na hilo la hapana kubaki peke yake nitalichukua. Bado nina hofu, kwa sababu anayetaka kuona ataona mkono umeshikwa hata kama haukushikwa. Lakini afadhali limeandikwa.

Baba Tatu

Wakuu, mimi nimeoa, watoto watatu. Naomba kuuliza swali la watu wazima. Huyo Simmel mliyemtaja, je, alisema kitu kuhusu sisi tulioko ndani ya ndoa? Maana kwa mnavyoeleza, kama siri iko kwenye kutokuamua, basi sisi tulioamua mbele ya mashahidi kwetu yamekwisha.

Binti Chumbageni (mleta uzi)

Baba Tatu, kwa Simmel ndiyo hivyo. Anasema uamuzi wowote wa mwisho, uwe wa kukubali au wa kukataa, unayamaliza madaha. Na hapo ndipo namkatalia.

Somo yangu, yaani kungwi wangu, aliponifunda hakunifundisha namna ya kumpata mume. Mume alikuwa ameshapatikana, mahari imeshatolewa, tarehe ya harusi imeshatangazwa. Alinifundisha madaha ya kumpa mume huyohuyo kwa miaka yote. Namna ya kumpokea mlangoni. Siku ya kufukiza udi na siku ya kutofukiza, maana ukifukiza kila siku pua inazoea. Kudeka kwa sauti, kunyamaza kwa makusudi, kujifanya unalala. Hata kanga ya kujifunga anaporudi safari ina jina lake. Bi Kidude wa Unguja, aliyetuacha Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarab, lakini kwetu alikuwa pia mtu wa unyago, na unyago wote huo unamlenga mwali anayekwenda kuwa mke.

Kwa nini makungwi wahangaike kufundisha maringo kwa mtu ambaye tayari ana cheti cha ndoa? Kwa sababu wanajua cheti hakiamui kila siku. Mke wako ni wako, lakini leo jioni moyo wake uko wapi hujui, na yeye wako hajui. Hicho kisichojulikana hakimaliziki. Kila siku kuna kidogo kipya. Ukiacha kukitafuta, mnabaki mnaulizana ada ya shule na gesi imeisha.

Nikuulize nawe, mara ya mwisho kumtupia mkeo neno la kuzunguka ilikuwa lini? Na sisemi "nakupenda". Nasema neno la kumfanya ageuke.

Baba Tatu

Sina jibu la kuandika hapa. Nitapita dukani kwako, nielekeze mtaa PM.

Kijana wa Ubungo

Dada Chumbageni, na mimi nisaidie kusoma. Kuna dada ofisini. Ananiita tukale pamoja, anacheka sana nikiongea, kwenye mwendokasi kukiwa na nafasi anakaa pembeni yangu. Nilimwomba Jumapili twende Coco Beach, akasema ana kwaya. Hii ni ndiyo-hapana au vipi?

Binti Chumbageni (mleta uzi)

Aliposema ana kwaya, alitaja siku nyingine?

Kijana wa Ubungo

Hakutaja. Wiki iliyofuata nikamwomba tena, akasema "tutaangalia." Nikamtumia ujumbe usiku, akajibu kesho yake mchana, "sawa."

Lulu wa Segerea

Anacheka na wewe tu, au anacheka na watu wote?

Kijana wa Ubungo

Na wote. Hata mlinzi wa getini anamletea chai.

Binti Chumbageni (mleta uzi)

Basi mdogo wangu, huyo ana moyo mzuri na anakupenda kama mwenzake wa kazi. Umeomba mara mbili, na mara zote mbili hapana imekuja bila kuacha kitu nyuma. Hakutaja siku, hakuuliza, hakurudi. Usiombe mara ya tatu. Lakini usimnunie. Hajakukosea kitu, na chakula cha mchana mnachokula pamoja si deni. Akibadilika mwenyewe utaona, hutahitaji kuja kuuliza humu.

Kijana wa Ubungo

Nimekuelewa dada. Inauma kidogo. Kesho nitakaa naye kula kama kawaida.

Mama Sabra

Ubarikiwe, mwanangu.